Miwani ya Kuchungulia Roboti

Mwalimu wetu kule Baraka, upande wa Fizi, alikuwa na mbuzi dume mwenye ndevu nyingi kuliko za mwalimu mwenyewe. Siku hizo wanafunzi ndio waliofanya kazi za nyumbani kwa mwalimu. Huyu anachota maji, yule anapalilia mihogo, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mfupi na herufi zilikuwa zinanikimbia, nilipewa mbuzi. Wenzangu wakiimba hesabu darasani, mimi niko nje nimeshika kamba, nasikiliza dirishani. Ndiyo maana mpaka leo hesabu ya mbili na ya tatu naijua vizuri. Walipoimba ya nne nilikuwa mbali, mbuzi amenivuta kwenye majani.

Sasa mbuzi yule alipenda barabara. Siku moja likaja lori la mawese, naye akasimama katikati akalitazama kama anangoja limpe salamu kwanza. Dereva alikanyaga breki, lakini lori lenye mapipa ya mafuta husimama likitaka lenyewe. Mwalimu alilia sana, halafu akamla mbuzi. Dereva, mtu mzima kutoka Kalemie aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto, akaja kwa baba yangu kuomba radhi. Walikunywa pamoja mpaka jua likashuka, na walipomaliza kuombana radhi ilikuwa imeshaamuliwa kwamba mimi nitapanda lori kuwa msaidizi wake. Hakuna aliyeniuliza. Sikulalamika pia, maana lori lilikuwa zuri kuliko mbuzi.

Najua nimeanza mbali. Nataka tu ujue kwamba shule yangu iliishia hapo, na kila nilichopata baadaye nilikipata kwa macho na mikono juu ya usukani. Nilianza kwa kufunga mizigo, nikaja kushika lori la wengine, nikafika Lubumbashi, na vita vilipozidi nikafika huku Johannesburg na mke wangu, Mama Neema, na binti yetu Neema aliyekuwa bado mdogo. Ndugu wa mke wangu, shemeji yangu Deo, alikuwa ametangulia. Alikuwa na karakana ya makochi Rosettenville, nyuma ya duka la Mreno mmoja la mikate. Yeye anashona makochi, mimi nayapeleka kwa wateja kwa bakki. Bakki ndivyo wanavyoita pikapu hapa.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye macho yake yameanza kufifia kama yangu, na hasa kwa ajili ya mtu ambaye Kiingereza hakijui na anasindikizwa hospitali na watoto wake. Mambo ya ndani ya jicho siyajui, usiniulize. Nitakueleza kilichonipata tu.

Kilianza mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, wakati majani ya Johannesburg yamekauka na asubuhi mdomo unatoa moshi. Nguzo za umeme zikaanza kupinda. Nilidhani ni kazi mbaya ya watu wa umeme, maana mwaka ule umeme wenyewe ulikuwa unakatwa kila mara. Nikamwambia Deo, "Hawa watu hata nguzo hawajui kusimamisha." Deo akazitazama, akanitazama mimi. Baadaye zikafuata nyuso. Nikikutazama usoni nayaona masikio yako na kola ya shati, lakini pua na mdomo vimefutika, kama mtu amepitisha kidole chenye majivu juu ya picha. Mke wangu akicheka nilijua kwa sauti tu.

Sikusema kwa mtu. Dereva akisema macho yameharibika, amebaki nini?

Kisha nikapita roboti. Hapa taa za barabarani wanaziita roboti, na kila mtu wa kwetu akifika hucheka jina hilo wiki ya kwanza, baadaye analizoea. Tulikuwa na kochi la watu watatu nyuma, Deo yuko pembeni yangu anakula karanga. Mimi naona barabara iko wazi. Deo akapiga kelele, karanga zikaruka mpaka kwenye dashibodi, na basi la abiria likapita mbele ya pua yetu likipiga honi kwa hasira. Nilisimama upande wa pili.

"Papa Neema," Deo akasema, "ile ilikuwa nyekundu."

"Roboti gani?"

Deo alishuka, akazunguka, akafungua mlango wangu. "Sogea," akasema kwa upole. Nikasogea. Tangu siku hiyo sikushika usukani wa bakki ile barabarani tena, na huo ndio ugonjwa wenyewe kwangu. Wengine watakuambia ugonjwa wao ni maumivu. Mimi sikuumwa hata kidogo.

Hospitali walinipa sindano za jicho. Usiogope ukisikia hivyo. Wanatia dawa ya ganzi, unatazama juu, unahisi kama mtu anakubonyeza na kitufe cha shati, imekwisha. Kibaya ni kungoja. Tulikuwa tunafika kabla ya jua, tunakaa kwenye mabenchi ya plastiki, kila mtu ana kiraka cheupe kwenye jicho moja, tunafanana kama watu wa kanisa moja. Palikuwa na bibi mmoja wa Kizulu, mnene, aliyekuwa na siku zangu zilezile za sindano. Hatukuelewana lugha. Alikuwa anakuja na magwinya, maandazi yao makubwa, kwenye ndoo ndogo, na kila mara alivunja moja akaniwekea nusu mkononi bila kutazama, kama nilikuwa mume wake. Siku moja nikiogopa sana akanishika goti akasema, "Thula, baba," yaani tulia. Nilinyamaza. Siku iliyofuata hakuja, wala nyingine, na sikujua wa kumuuliza. Bado namkumbuka kuliko madaktari wote.

Sindano zilienda mpaka baridi ya mwaka uliofuata. Zilizuia kidogo. Kisha wakaniambia kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki kitabaki, na wakanipeleka kliniki nyingine, ya watu wanaoona nusu nusu kama mimi.

Huko ndiko nilikopewa miwani.

Jakaranda zilikuwa zimechanua, njia yote ya kwenda kliniki ilikuwa ya zambarau, hata mimi niliiona. Neema alinisindikiza. Binti yangu huyu anasuka nywele katika saluni ya Marshalltown, mjini kati, kwenye zile ofisi na wauzaji wa barabarani, na Kiingereza chake ni cha wenyeji kabisa, hata Kiswahili akikisema sasa kinatoka na kichwa cha Kiingereza. Yeye ndiye alikuwa mdomo wangu na masikio yangu kila hospitali. Familia zetu zote hapa ziko hivyo. Mtoto anamwambia baba yake habari za mkojo wa baba yake, na wote wawili wanatazama sakafu.

Daktari wa kliniki ile alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono baridi. Akanivisha miwani. Juu ya kioo, karibu na nyusi, palikuwa na kidarubini kidogo kinene kama kizibo cha chupa. Chini ya kizibo kioo ni cha kawaida, unatembea nacho. Ukitaka kuona kitu cha mbali unainamisha kidevu kidogo, jicho linaingia kwenye darubini, kitu kinaruka kuja mbele yako. Unakitazama, unainua kidevu, unarudi chini. Kuchungulia tu. Ukikaa mle ndani, dunia yote ya pembeni inapotea na unajikwaa.

Akanipeleka dirishani. Nikainamisha kidevu, na ng'ambo ya barabara nikaona roboti. Nyekundu. Ikawa kijani mbele ya macho yangu.

Nikamshika Neema mkono. "Muulize. Muulize kama nitaendesha."

Neema akauliza. Daktari akajibu maneno mengi. Alisema, akasimama, akasema tena, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa polepole. Mimi uso wake sikuuona vizuri, ila kichwa kilivyokwenda nilikiona.

"Anasemaje?"

"Anasema uzoee kwanza, Papa," Neema akasema. "Anza kwa kutembea nayo."

"Na gari?"

"Gari baadaye."

Nikafikiri Kiingereza ni lugha ndefu. Kweli, ndivyo nilivyofikiri. Wanasema kwa beleshi kile sisi tunachosema kwa kijiko.

Miwani nilikopeshwa na kliniki, nikarudi nayo nyumbani nimeivaa, watu wananitazama. Watoto wa mtaani waliniita mtu wa sinema. Mwezi wa kwanza nilitapika. Vitu vinaruka, shingo inauma, ngazi zinakuja karibu kisha zinakimbia. Nilimwagia chai mkwe wa mchungaji. Lakini Jumapili moja kanisani kwaya ikasimama, nikainamisha kidevu nione wanaoimba, na mke wangu akatokea. Sura yake yote. Pengo la meno ya mbele, kitambaa cha kijani, na mashavu yaliyokuwa yameshuka. Alikuwa amezeeka na mimi sikuwepo. Nilibaki mle kwenye darubini muda mrefu, daktari alikataza, nikabaki. Kama miwani hii ingenipa siku hiyo moja tu, ningeishukuru. Na ninaishukuru. Miwani haikunidanganya wakati wowote, naomba hilo ulielewe kabla sijaendelea.

Deo ndiye aliyeleta wazo la kupanda gari. Alikuwa ameajiri dereva mpya, Bosco, Mrundi mmoja mpole mwenye watoto wake, anayejua gari lakini hajui mji. Deo akaja nyumbani akaketi, akakataa chakula mara mbili kama inavyotakiwa, akala mara ya tatu.

"Papa Neema," akasema, "wewe hutaki mazoezi ya miwani? Panda na Bosco. Kaa kiti cha abiria. Kila alama unayoiona itaje kwa sauti. Roboti, kibao, jina la barabara, geti. Siku ya kupima leseni itakukuta uko tayari."

Mama Neema alikuwa anaosha vyombo. Nilisikia sahani zimesimama. Neema alikuwa mlangoni. Hakuna aliyesema kitu. Mimi niliona ni heshima, wanawake wamewaachia wanaume wazungumze. Nikamshika Deo mikono yote miwili. Nilimwambia kwamba Mungu atamlipa.

Basi nikapanda. Mwaka mzima, na baridi nyingine, na mvua nyingine. Johannesburg mvua yake huja alasiri kwa kelele, na mara nyingine na mawe ya barafu, na humo ndani ya bakki mimi nachungulia na kutaja. Roboti, kijani. Kibao cha kusimama. Shimo. Mtoto na mpira. Bosco alikuwa anacheka, "Papa, wewe ni redio!" Nikafurahi. Na mtu akifurahi hatii breki mdomoni. Nikaanza kutaja na mengine. Hapa usipite watoto wakitoka shule. Huyu mama geti lake la mbele halifunguki, zungukia kwenye pipa la bluu. Huyu mteja mwambie salamu kwanza ndipo ushushe, vinginevyo atasema kochi lina doa. Kwenda Diepsloot usifuate barabara kubwa, kuna njia ya nyuma kwenye mashamba. Vibanda vya Diepsloot havina namba, tafuta spaza yenye mlango wa njano, yaani kile kiduka cha mtaani, hesabu kona kwa moyo. Maisha yangu yote ya barabara nilimmwagia Bosco sikioni. Na jioni Deo aliuliza, akikunja utepe wake wa kupimia, "Leo mmefika wapi?" Nikamweleza kama mwanafunzi.

Kila tukienda kliniki nilimwambia Neema, "Mwambie nimezitaja zote." Neema anasema kitu, daktari anatabasamu kwa sauti, anapiga mikono baridi juu ya yangu. "Leseni?" nauliza. Daktari maneno mengi. Neema maneno mawili: "Bado, Papa."

Mwanzoni mwa mwaka wa kumi na tisa Neema akawa na bibi harusi wa kusuka siku ileile ya kliniki. Nikamwambia niache, njia naijua. Alikataa sana, nikaona ananipenda. Mwishowe nikaondoka alfajiri kabla hajaamka.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Nikasikia msichana aliyevaa koti jeupe anaongea kwa simu, "Sawa mum, nitakupigia jioni." Kiswahili! Nilisimama nikamwendea kama nimeona maji. Alikuwa Mkenya, anajifunza kazi ya macho pale. Tulisalimiana mpaka wagonjwa wengine wakatucheka. Nilipoitwa, akaingia nami kwa daktari.

"Mwanangu," nikamwambia, "nisaidie neno moja. Muulize daktari, leseni nitapimwa lini?"

"Leseni gani, mzee?"

"Ya kuendesha."

Hakutafsiri. Akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mzee, si uliambiwa? Hii miwani haiwezi kukupatia leseni hapa. Wakikupima macho kule, hawakubali darubini."

"Muulize daktari."

Akauliza. Daktari akavuta kiti, akaketi mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Akasema polepole, na yule binti akanipa neno kwa neno, hakupunguza hata moja. "Anasema alikuambia siku ya kwanza, pale dirishani. Anasema ulipouliza kuhusu gari alisikitika sana, akakueleza kwamba miwani ni ya kutembea, kusoma vibao, kuona nyuso. Si ya kuendesha, nchi hii hapana. Anasema amerudia kila ukiuliza. Anasema binti yako alimwambia umeelewa, ila unapenda kuuliza."

Unapenda kuuliza. Hapo ndipo nilipochomwa. Nilikuwa nimefanywa mzee anayerudiarudia maneno.

Nilimshukuru yule binti. Nilitoka nikaenda Marshalltown kwa miguu, na miwani yangu, nachungulia vibao. Sikujikwaa.

Neema alikuwa na bibi harusi kitini, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Aliniona nikiwa mlangoni.

"Papa. Umekula?"

"Siku ya kwanza daktari alisema nini?"

Vidole vyake vilisimama. Wenzake pale saluni ni Wakongo, redio ilipunguzwa mara moja.

"Papa, tutazungumza nyumbani."

"Alisema nini, pale dirishani?"

"Ulinishika mkono," akasema. Alikuwa ameanza kulia, lakini anasema. "Ulinishika hivi, ukawa unacheka. Hujacheka tangu sindano. Ningesemaje? Nikasema nitakuambia tukifika kwenye taxi. Kwenye taxi ukaanza kumhesabia mtu wa pembeni njia utakazopita. Nikasema nitakuambia nyumbani."

"Na nyumbani?"

"Nilimwambia Mama. Na Mjomba Deo alikuwepo." Akajifuta kwa mkono wenye mafuta ya nywele. "Mjomba akasema tusikuvunje moyo. Akasema, mwacheni apande kwanza na Bosco, atajisikia mtu, na Bosco atajifunza njia. Bosco akishazijua, tutamwambia taratibu."

Bibi harusi akasema, "Eish, mzee wangu, pole."

Bosco akishazijua. Nilikuwa nimesimama pale na mfuko wa dawa, nikawa naona kiti cha abiria, na mimi natajataja.

Nyumbani Mama Neema hakukana. Alinipa chakula, akaketi mbele yangu, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Na wewe ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Mwaka na zaidi, unanipigia pasi shati niende nikafundishe mtu kunitoa kwenye kiti changu."

"Mimi sikujua habari ya kiti," akasema. "Nilijua unaamka, unaoga, unavaa viatu, unaniaga. Kabla ya hapo ulikuwa unakaa pale kitandani unatazama ukuta ambao huuoni. Nilimtaka yule anayevaa viatu. Nilisema kesho nitamwambia. Nikasema tena kesho." Halafu akasema, "Nitukane basi." Sikumtukana. Nilikula. Chakula kilikuwa kizuri na hilo liliniudhi.

Nisije nikasahau lililonifanya niandike. Wewe unayekwenda kwa daktari na mtoto wako, sikiliza. Daktari akisema maneno mengi na wewe ukapewa mawili, omba mengine. Mtazame daktari, usimtazame mtoto. Tafuta mtu asiyekupenda akutafsirie, hata kama ni wa mtaani. Anayekupenda ana huruma, na huruma yake itakula miaka yako. Na miwani, ukipewa, vaa, vumilia kutapika, kunapita. Mimi hata leo ninayo. Nasoma nayo vibao vya mtaa huku Diepsloot nilikohamia peke yangu baada ya haya, nawaona watu wanaonisalimia. Mama Neema alinifuata baridi ilipoisha, na sanduku na sufuria zake, hakuomba ruhusa, akauliza tu jiko liko wapi. Neema huja Jumapili. Tunakunywa chai. Ananitafsiria barua za kliniki zote mpaka nukta, anasoma hata namba za simu, na mimi namwacha asome, lakini bado nikisikiliza namsikiliza kama mtu anayepima maji kwa mguu. Labda itaisha. Sijui.

Deo hajaja.

Kesho yake ya siku ile ya kliniki niliamka, nikaoga, nikavaa viatu, nikaenda karakana. Bakki ilikuwa imeshapakiwa kochi la kahawia, limefunikwa nailoni. Bosco anakaza kamba. Deo ana sindano za kushonea mdomoni.

"Deo, ulijua."

Akatoa sindano moja moja. Alikuwa ameshaambiwa na dada yake, nilisikia kwenye sauti. "Papa Neema, mimi nilikufanyia wema. Ningekuambia siku ile ungekufa. Nani alikupa mahali pa kuja kila asubuhi? Serikali?"

"Ulitaka njia zangu."

"Njia ni za serikali," akasema, akacheka kidogo ili nami nicheke. Sikucheka. Akasogea karibu. "Sikia, shemeji. Mteja wa Diepsloot anangoja kochi tangu wiki iliyopita, na kule Bosco peke yake anapotea, unajua. Nenda naye leo. Mkifika kwenye ule uwanja mtupu, yeye akupe usukani uendeshe kidogo. Hakuna askari kule. Moyo upoe. Jioni tutazungumza kama ndugu."

Nikapanda. Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Usukani nilikuwa bado nautaka, hilo ndilo jibu, na yeye alijua.

Njia nzima sikutaja kitu. Bosco alipita roboti moja, ya pili, kila mara ananitupia jicho. Karibu na mashamba akauliza, "Papa, kushoto au kulia?" Nikamwonyesha kwa kidole. "Leo redio haina betri," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu. Sidhani alijua mwanzo. Alikuja kujua, naye ana watoto.

Uwanja ulikuwa mtupu kweli, vumbi na chupa, vibanda vya mabati vimeuzunguka. Bosco akasimamisha gari, akashuka bila kuzima, akanifungulia mlango. "Papa, shika. Bosi amesema."

Nikakaa. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kwa miguu ya Bosco, nikakirudisha. Nikashika usukani. Nikainamisha kidevu, na mwisho wa uwanja ukaja: mbwa amelala, ndoo, mwanamke anaanika blanketi. Nikainua kidevu, nikaingiza gia. Nikaenda. Nilizunguka uwanja wote, nikichungulia na kurudi, nikampita mbwa kwa mbali, nikasimama palepale nilipoanzia, taratibu, hata nailoni ya kochi haikupiga kelele. Mkono ulikuwa wa zamani. Ningeweza, na hapakuwa na mahali pengine pa kuweza ila pale kwenye vumbi, kama mtoto aliyepewa bembea anyamaze.

Bosco alikuwa anapiga makofi. "Papa! Wewe ni dereva, bwana!"

Nikazima. Nikashuka. Funguo nikaziacha zinaning'inia.

"Sasa twende kwa mteja," Bosco akasema, akipanda. "Kutoka hapa ni wapi? Papa? Ile spaza ya njano iko upande gani?"

Nilikuwa nimeshaanza kutembea kati ya vibanda. Akaita. Akapiga honi, mara moja fupi, kisha ndefu. Nilivua miwani nikaitia mfukoni, maana njia hiyo nilikuwa naijua bila kuchungulia, nikakata kona, na tangu siku hiyo bakki ile sijaipanda wala ua wa Deo sijaukanyaga tena.